Bodi Iliyolia Mara Tano



Julai ya mwaka jana nilitoka nyumbani asubuhi na karatasi zangu za mazungumzo ya redio kama haya, nikaenda steshenari moja hapa Bagamoyo, si mbali na soko, nizichapishe. Nikakuta watu sita wamebanana kwenye benchi, wawili wamesimama mlangoni, na dada mwenye duka ameshika tama. Ulikuwa msimu wa kuomba mikopo ya elimu ya juu kwenye Bodi ya Mikopo. Vijana waliomaliza kidato cha sita walikuwa na bahasha zao za kaki mkononi, vyeti vya kuzaliwa, picha za pasipoti zilizokatwa kwa mkasi, wote wakiisubiri kompyuta moja, na kompyuta hiyo imegoma.

"Shikamoo mjomba. Leo hatuchapi," akaniambia. "Umeme ulikatika jana jioni. Uliporudi, hii ikawa haitoi picha. Fundi kapita alfajiri, kaiangalia, kasema bodi imekufa. Nyingine ni 120,000, na aifuate Kariakoo."

Kijana mmoja pale kwenye benchi akauliza, "Sasa Bodi tutaifikiaje bila bodi?" Watu wakacheka, hata dada akacheka, ingawa kicheko chake kilikuwa cha mtu anayehesabu laki moja na ishirini kichwani.

Tuelewane kwanza kwenye maneno. Lile boksi la bati chini ya meza, ambalo sote tunaliita sipiyu, si sipiyu. Sipiyu yenyewe, yaani prosesa, ni kidude cha ukubwa wa biskuti kilichojificha ndani, chini ya feni. Kinachokibeba, pamoja na ramu, na matundu yote ya nyuma, na njia zote unazopita umeme humo ndani, ni bamba pana la kijani au la bluu linaloitwa mazabodi. Wapo wanaoandika ubao mama, na ni jina zuri, lakini sijawahi kumsikia muuza spea wa Kariakoo akiulizwa ubao mama. Husema bodi. Nami leo nitasema bodi.

Fundi akikwambia bodi imekufa, amekwambia mambo mawili kwa mpigo: kwamba ugonjwa ameujua, na kwamba hauna dawa. Mara nyingi hana hakika na lolote kati ya hayo. Sisemi hivi kumsema kijana wa watu. Mimi mwenyewe nilikaa kwenye meza ya ufundi miaka 11 kabla ya kukalia kiti hiki, na neno hilo nimelitamka mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Ni neno tamu kwa fundi aliyechoka. Linamaliza ubishi. Mteja hana swali lingine la kuuliza ila bei.

Nikamuuliza dada: haiwaki kabisa, au inawaka ila haitoi picha? Swali hilo ni nusu ya kazi nzima, na ukimuuliza mwenye kompyuta atakujibu "haiwaki" kwa vyote viwili.

Kuna ile iliyo kimya kama jiwe. Unabonyeza, hata feni haitikisiki. Hiyo usiikimbilie bodi. Anzia ukutani: soketi, ekstensheni, waya wenyewe, kile kiswichi cha nyuma chenye alama ya mstari na duara ambacho mfagizi hukigusa kwa fagio bila kujua. Na kama mashine imetoka Marekani kwa mitumba, tazama huko nyuma kama kuna kiswichi kidogo chekundu kilichoandikwa 115. Umeme wetu ni volti 230. Ukiuchomeka kikiwa 115, utasikia mlio kama fataki na harufu itakayokaa chumbani siku nzima.

Kisha kuna kitufe cha kuwashia. Huku pwani kitufe hiki ni mnafiki. Chuma chake cha ndani hushika kutu, unabonyeza, vidole vyako vinasikia "tik" lakini umeme haupiti. Fundi mzoefu hufungua ubavu wa boksi, hufuata nyaya nyembamba za kitufe mpaka zinapoishia kwenye bodi, huzichomoa, na kwa ncha ya bisbisi hugusanisha vile vipini viwili mara moja tu. Mashine ikiwaka, mgonjwa ni kitufe. Nimeona mashine nzima ikinunuliwa upya kwa ajili ya kitufe.

Pawasaplai, lile boksi dogo la ndani linalogawa umeme, nayo ina jaribio lake. Kwenye ile ya kawaida yenye plagi pana ya matundu 24, kuna waya mmoja tu wa kijani. Ukiwa umeichomoa plagi kwenye bodi, ukiunganisha wa kijani na mweusi wowote kwa kipande cha waya, feni ya pawasaplai inatakiwa izunguke. Kwa mita, waya wa njano ukupe volti 12, na ukikuta chini ya 11.4 au juu ya 12.6, hiyo si ya kuaminiwa. Maangalizo mawili, tena nayasema taratibu. Kampuni kadhaa kubwa zina plagi zao wenyewe, matundu machache, rangi zimepangwa kivingine, kwa hiyo usifanye kwa kukariri. Na boksi lenyewe la pawasaplai usilifungue. Ndani yake kuna kapasita zinazohifadhi volti zaidi ya 300, na zinaweza kukaa nazo hata baada ya waya kuchomolewa ukutani. Sisemi kukutisha, nasema kwa sababu nina kovu.

Mashine ya dada haikuwa ya ukimya huo. Feni ilizunguka, kitaa cha nyuma kiliwaka, monita ikabaki nyeusi. Huu ndio ugonjwa unaoua bodi nyingi mdomoni mwa mafundi, na hapa naomba utulie nami kidogo.

Ukibonyeza kitufe, pawasaplai hujipima kwanza, na ndani ya nusu sekunde huipa bodi ishara kwamba umeme umetulia. Prosesa huamka. Lakini huamka kipofu. Ni kama mtu aliyeshtuka usiku umeme umekatika, anapapasa kutafuta kiberiti. Haijui kama kuna monita, haijui kama kuna diski, haijui hata Windows ni nini. Inachojua ni kwenda mahali pamoja, kwenye chipu ndogo iliyo kwenye bodi, na kusoma maagizo yaliyoandikwa humo. Na karibu agizo la kwanza lenye uzito ni hili: tafuta ramu, ijaribu. Bila ramu hakuna mahali pa kutandika kazi nyingine, na picha kwenye monita huja baadaye sana. Sasa, ramu ikikosekana, mashine itamwambia nani? Kioo bado hakipo. Kwa hiyo hulia. Kuna kispika kidogo, kama kofia ya chupa ya dawa, kazi yake ni hiyo tu.

Nikaomba bisbisi, na kabla ya bisbisi nikaomba kimya. Nje kulikuwa na bajaji zinapokezana honi, hilo halina tiba. Lakini ndani kulikuwa na redio juu ya kabati, imefunguliwa mpaka mwisho. Sitasema ni stesheni gani, ila sauti iliyokuwa ikizungumza niliifahamu vizuri sana. Yalikuwa marudio ya kipindi cha wiki ile.

"Mzime huyo bwana," nikamwambia dada.

Akazima. Nikachomoa waya ukutani, nikasubiri, nikachomeka, nikabonyeza. Feni ikaanza. Halafu tumboni mwa boksi ukatoka mlio mwembamba, kama wa kifaranga aliyepotezana na mama yake: pi, pi, pi, pi, pi. Kimya. Pi, pi, pi, pi, pi. Ukarudia hivyo mara tano, kisha haukusikika tena.

Mbele ya boksi palikuwa pamebandikwa karatasi ya bei, fotokopi 100, na mengineyo, na juu ya boksi kimetandikwa kitambaa cha kufuma, cheupe, chenye pindo la waridi. Nikabandua pembe ya karatasi. Nyuma yake kitaa chekundu kilikuwa kinapepesa, mara tano, kinapumzika, mara tano. Kilikuwa kimepepesa vile tangu jana jioni, kinamwambia anayetaka kujua, na aliyekuwa akisoma ni gundi.

Kila kampuni ina lugha yake ya milio na vitaa, na ukitaka kuijua utafute kitabu cha mashine hiyo hasa, si cha jirani yake. Kwa kompyuta za ofisini za HP Compaq za miaka ya 2000, kama hiyo ya dada, ambazo zimejaa kwenye steshenari zetu, mara mbili maana yake prosesa imepata joto kupita kiasi. Mara tatu, prosesa haijakaa mahali pake. Mara nne, umeme hautoshi. Mara tano, ramu. Mara sita, kadi ya picha. Mara saba ndiyo bodi yenyewe. Saba, msikilizaji. Sisi tulikuwa na tano. Na bodi iliyokufa haiwezi kuhesabu mpaka tano.

Hapo ndipo linapokuja jaribio ninalolipenda kuliko yote. Halina gharama, halitaki mita, na linafaa kwa mashine ya kampuni yoyote mradi ina kile kispika. Chomoa waya ukutani, toa ramu zote, usiache hata moja. Rudisha waya, washa, sikiliza. Ikilia, basi umeme unafika, prosesa inafikiri, ile chipu ya maagizo inasomeka, na bodi imebaki na akili ya kutosha kugundua kwamba imeibiwa ramu. Ikinyamaza kimya, haya, sasa ndiyo uanze kuogopa. Bodi za siku hizi nyingi huja bila kispika, fundi akanunue chake, ni kitu cha bei ya soda mbili tatu, akiweke mfukoni kama daktari na kile kipimo chake cha shingoni.

Nikafungua ubavu. Kitu cha kwanza si kushika, ni kuangalia, na cha pili ni kunusa. Bodi iliyoungua ina harufu yake, kali, ya samaki aliyeunguzwa pamoja na plastiki. Hapakuwa na harufu. Nikatazama kapasita, vile vipipa vidogo vinavyosimama kuizunguka prosesa. Vichwa vyao vinatakiwa viwe bapa. Kikivimba kama mkate, au kikitoa utomvu wa kahawia, kapasita hiyo imekwisha.

Hili la kapasita lina historia ambayo mafundi wa umri wangu hawaisahau. Kati ya mwisho wa miaka ya 1990 na katikati ya miaka ya 2000, dunia nzima ilijaa kapasita mbovu, maji ya ndani yalikuwa yameharibika mchanganyiko, zikawa zinavimba na kupasuka kabla ya wakati wake. Mwaka 2005 Dell ilitenga dola milioni 300 kwa ajili ya kushughulikia mashine zake zilizoathirika. Wakati huo wenzetu huko walikuwa wanatupa, na sisi tunapokea mitumba. Ukilijua hilo hutashangaa kwa nini kizazi kizima cha mafundi hapa kilijifunza kuchomea kapasita kabla ya kujifunza kuandika risiti. Kapasita kuvimba si kifo. Mwenye mkono mtulivu na kifaa cha kuchomea huzibadilisha zote, akizingatia upande wa chanya na hasi.

Za dada zilikuwa bapa. Kilichonivuta macho kilikuwa rangi. Kwenye skrubu za kona, kutu. Ukingoni mwa bati la boksi, kutu imebanduka vipande kama maganda ya kitunguu, na ganda moja limelala juu ya bodi yenyewe. Lililala mahali salama, Mungu anisamehe kwa kuliita bahati, maana chuma kikilalia vipini viwili visivyotakiwa kukutana, mashine huwaka sekunde mbili ikazima. Nikalipeperusha kwa brashi ya rangi. Nikachomoa ramu ya kwanza. Kwenye meno yake ya dhahabu, upande mmoja, kulikuwa na ukungu wa kijani, mwepesi kama ule unaouona kwenye sufuria ya shaba iliyosahauliwa uani.

Bahari ilikuwa imeingia kwenye boksi.

Mawimbi yakipasuka hurusha matone madogo yasiyoonekana. Tone likikauka, punje ya chumvi hubaki hewani na upepo huibeba. Ukitaka ushahidi, usiende maabara. Tazama bawaba za madirisha ya nyumba za mawe Mji Mkongwe, tazama misumari ya bati, tazama baiskeli ya mtu anayekaa Kaole na ya mtu anayekaa Chalinze, zilizonunuliwa siku moja. Na chumvi ina tabia moja: hewa ikiwa na unyevu wa kama asilimia 75, huanza kunywa maji yaliyo hewani mpaka iyeyuke yenyewe. Ndiyo maana kikopo cha chumvi jikoni hulowa wakati wa masika, na mama zetu hutia punje za mchele ndani. Mtu wa Dodoma hilo halijui. Kwetu asilimia 75 si habari, alfajiri nyingi huvuka hapo.

Sasa chukua feni ya kompyuta. Kutwa nzima inavuta hewa ya bahari na kuipitisha juu ya bodi, vumbi linabaki, chumvi inabaki. Mashine ikiwa na joto, chumvi hukaa kavu na haina neno. Jioni dada anazima, mashine inapoa, unyevu unaingia, chumvi inalowa. Maji ya chumvi hupitisha umeme, na pale yanapokuta metali mbili tofauti zimegusana, kama dhahabu ya meno ya ramu na metali iliyo chini yake, kazi ya kula huanza. Hufanywa pole pole, utando kwa utando, mpaka siku moja umeme unakatika, unarudi kwa kishindo, na mashine inapoamka haimwoni tena rafiki yake wa miaka mitano. Watu husema umeme umeiua. Umeme ulikuwa wa mwisho kwenye foleni.

Ndiyo maana naogopa kompyuta isiyotumika kuliko inayotumika. Nimewahi kuitwa kwenye maabara ya shule moja ya huku pwani, siitaji, mashine za msaada, nzuri, zilizofungiwa tangu shule ilipofungwa, kila moja imefunikwa mfuko wa nailoni kwa upendo kabisa. Nailoni ile ilikuwa imeshika jasho kwa ndani. Zaidi ya nusu hazikutoa picha. Wangeziwasha saa moja kila siku mbili tatu, na kuzifunika shuka la pamba, hadithi ingekuwa nyingine. Kitambaa cha kufuma cha dada nilikisamehe, kina matundu.

Basi tukasafisha. Wengi wetu hutumia kifutio cha penseli kwenye meno ya ramu, na walioandika vitabu hawapendi, wanasema kinakwangua dhahabu, ambayo ni nyembamba mno. Wana haki nusu. Mimi huanza na spiriti na kitambaa cha pamba kisichotoa nyuzi, na spiriti yenyewe iwe safi, maana nyingine za duka la dawa zimetiwa mafuta kwa ajili ya ngozi, huacha utando. Ukungu ukikataa kutoka, ndipo kifutio, cheupe, laini, kwa upande mmoja tu kama unavyopaka siagi, mara tatu nne, basi. Kwenye tundu, brashi ngumu iliyochovywa spiriti. Na tafadhali usipulize kwa mdomo. Najua sote tunapuliza, tulijifunza kwenye kaseti za michezo ya televisheni. Mate yana chumvi. Utakuwa unafua na kupaka tope.

Vitabu hivyo hivyo vitakwambia uvae kamba mkononi, iliyounganishwa na ardhi, umeme wa kwenye mwili usiunguze chipu. Viliandikwa kwa watu wa baridi kavu, wanaovaa sufu na kutembea juu ya zulia, ambako ukishika kitasa cha mlango unapigwa shoti. Hapa kwetu hewa yenyewe imelowa, umeme wa namna hiyo hupungua sana. Gusa bati la boksi kabla ya kugusa kitu kingine, imetosha. Lakini neno chumvi katika vitabu hivyo nimelitafuta sana bila kulipata. Nchi hii ilipata kompyuta mapema kuliko wengi wanavyodhani, ya kwanza ya serikali ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 uingizaji ukapigwa marufuku. Mlango ulipofunguka tena, nyingi zilizokuja zilikuwa zimeshafanya kazi kwa wengine, na vitabu vyake vilikuwa vimeandikiwa hao wengine.

Dada akauliza, "Na hiyo sipiyu ya ndani, huitoi ukaisafisha?" Nikamwambia hapana, na sababu ikanifanya nione aibu. Zamani prosesa ilikuwa na miguu, na tundu lipo kwenye bodi. Tangu mwaka 2004, kwa prosesa za Intel za kompyuta za mezani, mambo yalipinduka: prosesa ikawa tambarare, miguu ikahamia kwenye bodi, mamia ya visindano vyembamba mno, vimeinama vyote upande mmoja kama mpunga uliopigwa na upepo. Niliitoa moja bila sababu ya maana, kwa kutaka tu kuonekana ninafanya kazi mbele ya mteja. Kona ya prosesa ikaniponyoka, ikaangukia visindano. Vitatu vilipinda. Nilivinyoosha kwa sindano ya kushonea chini ya taa saa nzima, kimoja kikakatika. Bodi iliyokuja na ugonjwa wa ramu ikaondoka maiti, na muuaji ni mimi. Nilimwambia mteja nini? Nilimwambia bodi imekufa.

Nikarudisha ramu moja tu, si kwenye tundu lile la zamani, kwenye la pili yake. Kila kisichohitajika nikakiacha nje: diski, kidude cha intaneti, printa. Ukibadilisha vitu vinne kwa mara moja, mashine ikiwaka hutajua kilichoiponya, na ikikataa hutajua kilichokataa. Nikaibana ramu mpaka vishikizo vya pembeni vikasema "tak" vyenyewe. Watu wengi husikia "tak" moja wakaridhika, ziko mbili.

Kabla ya kuwasha nikaipima na betri, ile ya duara kama shilingi, CR2032. Inatakiwa iwe na volti 3. Mita ikasoma 2.1. Betri hii ndiyo inayoitunzia mashine saa na mipangilio yake umeme unapokuwa haupo, na ikichoka, baadhi ya mashine huanza kuweweseka zinapowashwa. Kijana mmoja wa pale benchini akatumwa dukani, akarudi na mpya pamoja na chenji, na pakiti ya karanga ambayo hakuna aliyemtuma.

Nikabonyeza. Feni ikaanza, ikapanda, ikashuka. Hakuna aliyekuwa akitafuna. Ukasikika mlio mmoja mfupi, na kioo kikatoa maandishi meupe.

Dada alipiga kigelegele kidogo, kikamtoka tu, kisha akajiziba mdomo. Foleni ikasogea kama daladala ya Makumbusho imefunguliwa mlango. Nikazima, nikarudisha diski, nikawasha tena; Windows ikafunguka, kijana wa kwanza akakaa, intaneti ikachomekwa, akaandika anwani ya Bodi. Ukurasa ukakataa. Ukaja na onyo kwamba mahali hapo si salama. Akajaribu tena. Onyo lilelile.

"Mjomba, si umesema imepona?"

Nikainama nikasoma kona ya chini ya kioo, kulia. Betri ilipotolewa, mashine ilikuwa imesahau kila kitu, ikarudi kwenye tarehe iliyowekewa kiwandani. Kwa hesabu yake ilikuwa saa sita na dakika nne usiku, tarehe 1 Januari 2008. Hati za usalama za tovuti zote duniani zilikuwa, kwa macho yake, bado hazijatolewa. Yule kijana aliyekaa mbele yake alikuwa, kwa macho yake, bado anatambaa.

"Leo tarehe ngapi?" nikauliza. Watu wanane wakatoa simu mfukoni kwa pamoja.